Barua ya wazi kwa wanaoinunulia Serikali: hesabuni na miaka, msiishie kwenye bei

Kwa Waziri mwenye dhamana ya fedha, Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, Shirika la Viwango Tanzania, Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma, na maofisa ununuzi wote mlioko kwenye mji wa Serikali wa Mtumba na kwenye halmashauri zetu.

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi.

Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme vya nyumbani. Karakana yangu iko Chang'ombe hapa Dodoma, chumba kimoja na kibaraza, na kazi hii naifanya mwaka wa 19 sasa. Feni, pasi, blenda, birika la umeme, redio, taa za sola, hita za ndoo, vyote vinapita mikononi mwangu. Sina cheo cha kuwaandikia watu wa ngazi yenu. Nimeandika kwa sababu mengi ninayoyaona mezani kwangu yanaanzia kwenye makaratasi mnayoyasaini ninyi, na sidhani kama kuna fundi aliyewahi kuwaletea habari hizi.

Nianze na feni.

Novemba ya mwaka juzi, joto limekaza kama mnavyolijua joto la Dodoma kabla mvua hazijashuka, niliitwa kwenye kituo kimoja cha umma. Sitakitaja, na mhasibu wake ni mtu mwema ambaye alifanya kazi yake kama alivyoelekezwa. Alinifungulia stoo. Humo ndani kulikuwa na feni za kusimama 19 zimelaliana, nyaya zimesokotana, mapanga ya plastiki yamepauka kwa vumbi. Akaniambia, "Fundi, hebu tazama kama utatuokolea hata tano."

Nikafungua ya kwanza. Kifuniko cha mota hakikuwa na skurubu, kilipigwa ribiti. Mtu anayefunga mota kwa ribiti ameshaamua kwamba haitafunguliwa tena. Nikazitoboa kwa drili. Ndani nikakuta waya wa koili, ule uliozungushwa ndani ya mota, una rangi ya shaba, lakini ukiukwaruza kwa wembe unaona weupe: alminiamu iliyopakwa rangi. Bushi, kile kipande kidogo kinachoshika shafti izunguke bila kuyumba, haikuwekewa pamba ya kutunza oili. Vumbi letu lilikuwa limeingia, oili ikakauka, shafti ikaanza kusaga, mota ikapata moto, na fyuzi ya joto iliyofichwa katikati ya koili ikakatika. Feni nzima imekufa kwa ajili ya fyuzi ya shilingi 1,500. Ila ili uifikie fyuzi hiyo lazima upenye kwenye nyuzi za koili, na koili ya alminiamu iliyokwisha kuungua ukiigusa inakatika kama tambi kavu. Kuisuka mota upya kwa waya wa shaba kungekula pesa sawa na kununua feni nyingine kama ile. Siku ile niliokoa feni 3, na ilibidi nichinje nyingine 4 ili nipate spea.

Wakati nakusanya vifaa vyangu nikaona feni ya chuma imeegeshwa kwenye kona, mguu umelegea. Karani akaniambia ilikuja na mizigo kutoka Dar es Salaam wakati ofisi zinahamia huku, na hakuna aliyeitumia kwa sababu imechakaa. Niliifungua kwa bisibisi tu, skurubu nne. Koili ya shaba tupu. Bushi imelika upande mmoja, kapasita imevimba. Nikabadilisha vyote viwili, nikatia matone mawili ya oili, nikakaza mguu. Kazi ya nusu saa, spea za shilingi 3,500. Ilipoanza kuzunguka yule karani aliibeba mwenyewe akaiweka kwenye meza yake.

Sasa nisaidieni hesabu, maana niliuliza nikaambiwa. Mwaka wa kwanza kituo kilinunua feni 12 kwa 40,000 kila moja, jumla 480,000. Mwaka wa pili zikawa zimekufa 9, wakanunua 9 nyingine, 360,000. Mwaka wa tatu zikafa 10, wakanunua 10 kwa 400,000. Jumla ni 1,240,000, na hapo stoo imejaa mizoga. Wakati wote huo hapa hapa mjini kulikuwa na feni ya mota ya shaba kwa 90,000. Feni 12 za namna hiyo ni 1,080,000. Kituo kingebaki na 160,000 mkononi, pesa ambayo ingelipa matengenezo ya feni hizo kwa miaka kadhaa, na zingekuwa zinazunguka mpaka leo.

Nilimuuliza mhasibu kwa nini hawakuchukua zile za shaba. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike barua hii. Alisema, "Fundi, mkaguzi akija ataniuliza kwa nini nimechukua ya 90,000 na ya 40,000 ipo. Nitamjibu nini? Zote ni feni."

Waheshimiwa, tatizo lote liko kwenye maneno hayo matatu. Zote ni feni. Kwenye karatasi ya mahitaji kumeandikwa feni ya kusimama, inchi 16, idadi 12. Hakuna mstari unaouliza koili ni ya nini, hakuna unaouliza inafungukaje, hakuna unaouliza spea zake zinapatikana wapi. Mwuzaji wa feni ya ribiti na mwuzaji wa feni ya skurubu wanaingia kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, wakiwa sawa kabisa, na anayebaki ni yule wa bei ya chini. Ofisa aliyejaribu kuwa mwangalifu ndiye atakayetafutiwa maelezo. Yule aliyenunua mara tatu hana hoja ya kujibu, kwa sababu kila mara alichukua ya bei nafuu.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inataka thamani ya fedha. Mimi si mwanasheria, lakini kwa akili ya fundi, thamani ya feni haiwezi kuhesabiwa siku inapotoka kwenye boksi. Inahesabiwa kwa miaka iliyozunguka. Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hili: mwaka wa fedha ujao, kabla tenda hazijatangazwa, ongezeni mistari michache kwenye sifa za vifaa. Kifaa kifunguke kwa bisibisi ya kawaida. Mota iwe ya shaba. Mwuzaji athibitishe kwamba spea zitapatikana hapa nchini kwa miaka isiyopungua 5. Dhamana iwe ya miaka 2, tena ya maandishi, yenye mtu wa kuidai. Na bei zinapolinganishwa, kila bei igawanywe kwa miaka ambayo kifaa kinatarajiwa kufanya kazi. Mkiweka maelekezo hayo rasmi, mhasibu wangu yule atakuwa na la kumjibu mkaguzi.

Naomba nisieleweke vibaya hapo. Bei kubwa peke yake siyo dawa. Nimeshafungua pasi ya 85,000 nikakuta ndani yake vitu vile vile vya pasi ya 20,000, tofauti ni gamba na jina. Ndiyo maana naomba sifa ziandikwe kwa kutaja kilichomo ndani. Mkisema tu "nunueni vya gharama," wajanja watapandisha bei na ribiti zitabaki pale pale.

Mtaniuliza kwa nini nawasukumia ninyi na siendi kuwaambia wananchi wanunue kwa akili. Nawaambia kila siku. Mteja akija na kifaa kipya namwonesha pa kutazama: geuza chini uone kama kuna skurubu, kipime uzito mkononi, uliza muuzaji kama ana spea yake hata moja. Lakini nina mteja wangu, mama mmoja anayeuza maandazi, ambaye mwaka jana alinunua hita ya ndoo mara 3. Maji yetu ya visima yana chumvi, hita nyembamba ikiganda chumvi mwezi mmoja inapasuka. Anajua fika kwamba ipo ya 25,000 ambayo ingemkalia miaka. Tatizo ni kwamba siku hita inapokufa, mfukoni ana 6,000, na alfajiri ya kesho watu wanataka maandazi. Siwezi kumhubiria mtu huyo. Yeye hana namna, ninyi mnayo. Mna bajeti ya mwaka mzima mbele yenu, mna wataalamu, na mna nguvu ya kununua vitu 500 kwa mpigo.

Nguvu hiyo ni kubwa kuliko mnavyodhani. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku 2016 na Dodoma kuwa jiji 2018, mteja mkubwa wa mji huu ni ninyi. Duka la jumla linaagiza kile kinachotoka, na kinachotoka ni kile ambacho ofisi zinanunua. Ofisi zikianza kudai mota ya shaba, mwenye duka ataleta kontena la mota za shaba, spea zitakuja nazo, bei itashuka kidogo, na yule mama wa maandazi atakuta rafuni kitu ambacho leo hakioni. Kwa hiyo tenda moja ya Mtumba inaweza kubadilisha soko la Majengo kuliko semina 100.

Na sasa niwaeleze vinakokwenda vikifa, kwa sababu nyumba yangu iko karibu na huko.

Zile feni 12 zilizobaki stoo zilikuja kutolewa kwa mafungu. Vijana wa vyuma chakavu walichukua miguu ya chuma. Plastiki haina mnunuzi wa maana, kwa hiyo ikabaki kwenye korongo nyuma ya nyumba zetu, na mvua za Desemba zikaisomba. Nyaya wanazichoma. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Jioni, jua likishazama, nyuma ya gereji utaona moshi mweusi mzito unaonata kooni. Ni plastiki ya waya inaunguzwa ili ibaki shaba, na wanaoisimamia ni watoto wa miaka 14 au 15 wenye fimbo, wanageuza rundo kama wanaochoma mahindi. Siku moja nilimfuata mmoja nikamwonesha jinsi ya kuchuna waya kwa kisu bila kuuchoma. Akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Mzee, ukichuna unapata kilo moja kwa siku, ukichoma unapata kumi." Betri za taa za sola wanazipasua kwa jiwe kutafuta madini ya risasi, na vumbi la madini hayo ni sumu inayokaa kwenye damu na mifupa ya mtoto. Kinachoponea chupuchupu kinabebwa na gari la taka kwenda dampo la Chidaya, kikazikwe pamoja na maganda ya ndizi.

Mkoa huu unajua vizuri kwamba ardhi haiponi haraka. Kule Kondoa makorongo yalifikia mahali ambapo mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililomomonyoka. Wazee wa kule wanaikumbuka kazi ile na uchungu wake. Sisi mvua yetu ni ya msimu mmoja, na mji unakunywa maji ya visima vya Makutupora. Sumu tukiimwaga ardhini leo, hatuna mto mkubwa wa kuipeleka mbali.

Nilisoma kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za vifaa vya umeme na elektroniki tani milioni 62, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana hazikufika robo. Tani milioni 62 siwezi kuzipiga picha kichwani. Nawaza gunia langu. Kila mwezi najaza gunia moja la vifaa visivyotengenezeka, na gunia hilo miaka yangu ya kwanza lilikuwa linachukua miezi minne kujaa. Wateja hawajaongezeka mara nne. Vifaa ndivyo vilivyobadilika.

Tunazo Kanuni za usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na elektroniki za mwaka 2021. Ni jambo jema. Ombi langu kwa Mkurugenzi wa Jiji ni dogo na la karibu: tutengeeni mahali, hata kontena moja kila kata, pa kuweka vifaa vilivyokufa, ili fundi na mwenye nyumba wajue pa kuvipeleka, na vijana wachune nyaya kwa mashine mchana kweupe wakiwa wamevaa glovu. Mashine ya kuchuna waya si kitu kikubwa. Fundi mchomeleaji mzuri anaweza kuiunda hapa hapa. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vinachukua bodaboda. Naomba maofisa maendeleo ya jamii wavieleze vikundi kwamba kusuka mota, kutengeneza betri na kuchuna shaba ni biashara pia.

Tena sheria inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu. Wengi wanaitafsiri kuwa ni kuleta karatasi za ofisi na chakula cha vikao. Kwa nini matengenezo yasiwemo? Wapeni vijana waliosomea umeme VETA mkataba wa mwaka wa kuhudumia feni, pasi na mabirika ya ofisi 10. Watatia oili kabla ya msimu wa joto, watafuta vumbi, watabadilisha bushi ikianza kulia. Feni inayotiwa oili mara mbili kwa mwaka haifiki stoo.

Kwa Shirika la Viwango nina neno moja. Najua mnapima usalama, kwamba kifaa kisimpige mtu shoti wala kuunguza nyumba, na kwa hilo tunashukuru. Pimeni na urahisi wa kutengenezeka. Ufaransa ilianza Januari 2021 kuwataka wauzaji wa simu, kompyuta mpakato, televisheni na mashine za kufulia waoneshe alama kati ya 0 na 10 inayomwambia mnunuzi kama kifaa kinatengenezeka. Mnunuzi anaisoma kabla hajatoa pesa. Hapa kwetu tungeanza na vifaa vitatu tu: feni, pasi na taa ya sola.

Bibi yangu, kule Kongwa, aliacha jembe ambalo nililiona tangu nikiwa mtoto. Ncha yake ilikuwa imelika mpaka likawa dogo kama mwiko, na mpini ulibadilishwa sijui mara ngapi. Halikuwa jembe la kitajiri. Lilikuwa na tundu ambalo mpini wowote uliochongwa vizuri unaingia. Nalikumbuka kila ninapotoboa ribiti.

Na msiniambie haiwezekani, kwa sababu nimewaona mkifanya makubwa kuliko haya. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima kwa siku moja. Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, na ndani ya wiki chache mama zetu sokoni wakarudi kwenye vikapu. Watu walinung'unika, kisha wakazoea, na korongo letu lilikuwa safi msimu ule kuliko nilivyowahi kuliona. Yote mawili yalihitaji amri, na la mifuko lilihitaji askari na faini pia. Ninachokiomba hakihitaji hata askari mmoja, ni mistari mitano kwenye karatasi ya tenda.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Sifa za vifaa zinaandikwa sasa hivi, kwenye ofisi zenu, na watu ambao wengi wao hawajawahi kuiona koili. Nawakaribisha. Njooni wenyewe au mtumeni ofisa ununuzi kijana, aje na daftari. Mota mbili, moja ya alminiamu kutoka stoo ile, niliyoomba nikapewa, na nyingine ya shaba, nimeziacha wazi mezani pamoja na wembe wa kukwaruzia. Nipo Jumatatu hadi Jumamosi, tangu saa mbili asubuhi.

Wenu mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa vifaa vya umeme,
Chang'ombe, Dodoma